Barua ya Wazi kwa Mwenye Faili la Amali

Mezani kwake.

Mheshimiwa,

YAH: SHUKRANI KWA KUWAEPUSHA WATOTO WETU NA MBAO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni seremala wa Keko, Dar es Salaam. Cheo cha kukuandikia sina, ila nina vidole tisa na nusu, na kwetu huo ni wasifu tosha. Nimeshika penseli yangu, ile bapa inayolala sikioni, nikushukuru kwa yaliyotendeka tangu Januari 2024, mtaala mpya ulipoanza na mkondo wa amali ukaingia sekondari.

Nianze na usalama. Mpwa wangu anasoma amali katika shule nisiyoitaja. Mwaka mzima hajajikata, hajaingiwa hata na kibanzi. Nikamuuliza siri ni nini, akafungua daftari. Msumeno wamechorewa ubaoni. Randa nayo ikachorwa, ikapigwa mishale, kila mshale na jina lake. Patasi vivyo hivyo. Chaki haikati mtu! Tena kuna kubana matumizi humo: randa ya chaki hainolewi, msumeno wa chaki haupotezi meno, na jioni mwanafunzi wa zamu anaifunga karakana nzima kwa dasta.

Kiswahili chetu nacho kina ujanja wake. Anachopiga randa seremala ni ubao, anachoandikia mwalimu ni ubao. Nadhani walipokuletea taarifa kwamba shule ina ubao, uliweka vema ukaendelea na faili lingine.

Mwalimu wao simlaumu. Ni kijana wa Historia, alipewa kipindi kwa sababu siku moja alionekana ofisini akigongelea mguu wa kiti.

Mtihani ukaja: taja sehemu tano za randa. Mpwa wangu alizitaja zote, akapata zote. Likizo akanijia karakana na karatasi yake ya majibu. Nikampa randa na kipande cha mninga nilichokibana kwenye jiliwa. Akaisukuma kwa nguvu. Ikakwama, ikaruka, ikang'oa kibanzi kikubwa kama ukucha wa kuku.

"Mjomba, huu ubao mbovu."

Nikaulegeza, nikaugeuza, kichwa kikakaa mkiani. Nikamwambia asukume tena, polepole. Safari hii randa ikaimba. Maranda yakatoka membamba, marefu, yakijikunja kama ganda la chungwa linalomenywa na mtu asiye na haraka. Akaokota moja akaliinua juani, akakiona kivuli cha kidole chake ng'ambo ya pili. Hakusema kitu. Akarudi akapiga randa mpaka ubao wa inchi moja ukabaki kama rula. Nilitaka kumzuia, maana mninga siku hizi si wa kuchezea, lakini nikanyamaza. Uzi wa mbao umelalia upande gani, hilo halimo kati ya zile sehemu tano, na halichoreki.

Shule zilipofunguliwa akaiomba randa yangu ndogo akawaoneshe wenzake. Getini mlinzi akapekua begi, akakuta chuma chenye makali, akakiandika kitabuni: silaha. Ikapelekwa kwa mwalimu wa nidhamu, ikafungiwa kabatini pamoja na simu zilizonaswa mabwenini. Kwa hiyo, Mheshimiwa, akikuuliza mtu, mjibu bila wasiwasi kwamba shule ile inayo randa. Ni moja, na iko chini ya ulinzi.

Naomba pia kukushukuru kwa kulinda heshima ya kalamu, ingawa hapo deni ni la wengi waliokutangulia. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea, akataka kila shule iwe na shamba au karakana kama sehemu ya masomo yenyewe. Mimi nilikuta limebaki jina lake, na hilo nalo limefupishwa: EK. Kipindi cha EK tulimchotea mwalimu maji na kufyeka nyasi za uani kwake. Aliyechelewa namba aling'oa kisiki, aliyewahi akaingia darasani kusoma. Tukajua mapema, bila kufundishwa na mtu, kwamba jembe ni la mkosaji na kitabu ni cha mwema. Leo mzazi akiambiwa mwanawe kapangiwa amali, anauliza kafeli somo gani. Mnamshangaa. Huyo alikuwa darasa moja na mimi, na kisiki tuling'oa pamoja.

Zilikuwepo pia sekondari za ufundi, akina Ifunda, Moshi na Tanga, ambako mtu alimaliza na fizikia yake kichwani na bado anajua kunoa patasi. Sijui nani aliona hayo mawili hayakai pamoja. Huko Finland hawakupata bahati ya kushauriwa na wataalamu wetu: tangu 1866 waliziweka kazi za mikono katika sheria ya shule, na mpaka leo mtoto wa daktari anashikishwa msumeno darasani. Maskini wa Mungu.

Sasa twende nyuma ya madarasa ya shule ile. Mwaka 2016 nchi nzima tulikimbizana na madawati, unakumbuka. Nyuma kule yamerundikwa yaliyokufa, kama kuni za msiba. Niliyakagua. Mbao zake nzima kabisa. Kilichokufa ni viungo, ulimi umechomoka kwenye tundu, basi. Dawa yake ni gundi, kabari na mtoto mwenye nyundo. Wanafunzi wa amali wanalipita rundo hilo kila asubuhi wakienda kunakili notisi za "Viungo vya Mbao", na kwa uhaba wa madawati wengine wanazinakilia mapajani. Bila shaka kuna zabuni inasubiriwa.

Na meza yako, Mheshimiwa? Nilipita ofisini kwako kufuatilia malipo, nikaona mguu mmoja umevimba kwa maji ya kudekia. Usimlaumu mhudumu. Ule ni unga wa mbao ulioshikwa na gundi, ukavalishwa picha ya mninga, ukasafiri kwa meli kutufuata sisi tunaokaa na mninga wenyewe. Nimekuelewa tangu siku ile. Hata mbao unayoandikia ni ya kuchorwa.

Nina ombi moja. Mkuu wa shule ameniruhusu kuchukua dawati moja kutoka kwenye lile rundo. Mpwa wangu amelikongoa, amechonga ulimi mpya kwa mkono wake, amelikaza, ukilikalia halichezi. Limebaki kupigwa randa juu, kufuta majina ya waliolikalia. Randa nyingine ninazo, lakini kijana amekataa. Anaitaka ile iliyoko kabatini. Tafadhali toa kibali ifunguliwe.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Seremala, Keko.

Nakala: Mlinzi wa getini, kwa utekelezaji.