Kimo, Lakini Hakimo

Mashavu bado yananiwaka. Jumamosi, katika msitu mmoja pembezoni mwa Tampere, Ufini, nikicheza gofu ya visahani, nilirusha kisahani kikapaa juu ya nyasi, kikaanza kukata kushoto pale pale nilipotaka kikate, kisha kikakibamiza kikapu mpaka minyororo ikalia. Mrusho mmoja! Nilipiga ukelele, nikamkumbatia mzee wa Kifini ambaye, kwa jinsi alivyokakamaa, nadhani hakumbatiwi mara kwa mara. Kufumba na kufumbua nilikuwa nimeshampigia mke wangu simu ya video, natembea naye hewani kuelekea kikapuni ili ashuhudie.

Alishuhudia. Kisahani kilikuwa kimechomeka ubavuni mwa kikapu, kati ya nondo mbili, nusu kikiwa ndani na nusu nje.

"Haihesabiki," akasema yule mzee.

"Kwa hiyo umefunga au hujafunga?" akauliza mke wangu.

Hapo ndipo shemeji yangu, kaka wa huyo huyo mke, aliyenivuta kwenye mchezo huu, alipoanza kuangalia juu ya miti kama mtu anayetafuta embe. Ufini haina embe.

Gofu ya visahani ni gofu kweli: unaanzia kwenye jukwaa la kurushia, unahesabu mirusho, mwenye michache ndiye mshindi. Badala ya shimo kuna nguzo ya chuma yenye kikapu cha nondo, na juu ya kikapu kumening'inia minyororo. Minyororo hiyo ndiyo inayonikosesha usingizi. Kisahani huja kwa kasi huku kikizunguka kama pia, na kingegonga nguzo tupu kingerudi kilikotoka. Mnyororo haukatai, unakubali kusukumwa, unameza ile kasi, kisha unakiachia kisahani kidondoke kikapuni. Aliyebuni kitu hiki ni Mmarekani Ed Headrick. Mwaka 1975 alitengeneza uwanja wa kwanza wa kudumu huko Oak Grove, California, na mwanzoni shabaha zilikuwa nguzo tu. Sasa wewe simama mita 70 kutoka kwenye nguzo, halafu uniambie kama kisahani kimeigusa au kimeipita kwa unywele. Kikapu na minyororo vilimaliza ubishi huo. Headrick aliupenda mchezo kiasi kwamba alipofariki mwaka 2002, majivu yake yalichanganywa na plastiki yakafinyangwa kuwa visahani. Kwa hiyo inawezekana kabisa mtu akamrusha mwanzilishi mwenyewe, akamkosesha.

Ubishi uliisha kwa wote isipokuwa mimi. Sheria inataka kisahani kiingie juu ya ukingo wa kikapu na chini ya kile chuma kinachoshikilia minyororo, kisha kitulie humo, kimebebwa na kikapu au na minyororo yenyewe. Kikitua juu ya kofia ya kikapu, si chako. Kikigonga minyororo kikatemwa, pole. Kikipenya ubavuni, baina ya nondo, hata kama kinaning'inia humo mpaka Krismasi, kwa hesabu zao hakijaingia. Visahani vya kwenda mbali vina ukingo mwembamba mithili ya kisu, ndiyo maana hupenya hivyo. Yaani ukirusha vizuri, kwa nguvu, chombo chenyewe kinakuponza. Ikabidi nikichomoe kwa mikono miwili, mguu nimeukanyagia kikapuni, nisimame nyuma, nikidondoshe ndani. Mirusho miwili. Mke wangu hakukata simu.

Sheria naikubali, hata kama ni ya kijinga. Kilichoniuma ni namna nilivyosomewa. Yule mzee aliiweka simu yake mbele ya uso wangu, akanisomea kipengele neno kwa neno, polepole, kwa sauti ya juu, akirudia kila sentensi kama vile nimeshuka kwenye ndege asubuhi hiyo. Nilimjibu kwa Kifini. Akaendelea kunisomea kwa Kiingereza. Kodi nalipa, theluji nazoa, lakini nikibisha jambo, basi ni kwa sababu sijaelewa. Kubisha kwa sababu nina hoja ni haki ya wenyeji. Na shemeji alikaa kimya.

 

Kwenye kikapu kilichofuata, zamu ilikuwa ya shemeji. Kisahani kilimtoka mkononi vibaya, kikaenda kulia moja kwa moja kwenye msonobari, kikagonga gome kikadunda, kikapiga jiwe, kikaruka, kikapita juu ya ukingo na kukaa katikati ya minyororo kana kwamba kimeelekezwa. Hiyo inahesabika. Mti si kosa, jiwe si kosa. Wanachouliza ni mlango kilioingilia tu. Yule mzee safari hii alimkumbatia shemeji yeye mwenyewe, kwa hiari yake. Hela za mchango, ambazo kila mmoja wetu hutoa kabla ya mchezo kumsubiri mwenye bahati, zikaingia mfukoni mwa shemeji.

Halafu kuna desturi: kisahani kilichoingia kwa mrusho mmoja hutiwa saini na wote walioshuhudia, kikatundikwa ukutani nyumbani. Nikaletewa kalamu.

"Shemeji, weka jina tulione," akasema mshindi.

Niliweka. Upande wa chini, kwa herufi ndogo sana.