Jinsi ya Kufundisha Kiswahili kwa Isimu Mwanafunzi Asije Akakisema

Ingia darasani bila kuamkua. Maamkizi ni mazungumzo, nawe umekuja kufundisha sarufi. Andika ubaoni: "Changanua kwa njia ya matawi: Mkulima hodari aliyelima juzi atapalilia kesho." Mkulima wa namna hiyo haonekani ila kwenye mitihani ya Kenya, lakini matawi yake hupendeza sana ubaoni.

Litaje jina la Chomsky mara kwa mara. Ila usidokeze kwamba mwaka 1966 mwanaisimu huyo aliwaambia walimu wa lugha waziwazi kuwa ana shaka kama isimu ina la maana la kuwafaa darasani. Utajishushia hadhi bure.

Sasa mtoto atanyoosha mkono: "Mwalimu, kitabu yangu imepotea." Usiulize kimepotelea wapi. Uliza kiko ngeli gani, kisha liachie darasa limcheke.

Hapo mkatize upesi, maana ukimsikiliza zaidi utaharibikiwa. Utasikia akisema "kiti imevunjika", wingi wake "viti zimevunjika", "vitabu zangu zimepotea". Lakini hata siku moja hutamsikia akisema "mtoto imelala". Atasema "mtoto yangu amelala". Kumbe mtoto ana kanuni zake, tena hazivunji: kitenzi cha mtu ni a-, cha kitu ni i-, vikiwa vingi zi-. Mwanaisimu Pit Corder aliandika mwaka 1967 kwamba makosa ya mwanafunzi humfunulia mwalimu mfumo ambao mwanafunzi huyo anautumia. Maneno ya hatari hayo. Ukiyaamini, utaacha kumpa ngeli zote kwa mkupuo mmoja, uanzie pale alipo: kipindi kizima cha viti, vitabu na vikombe, watoto wakinyang'anyana na kulalamikiana, "Kikombe changu kiko wapi? Nani amekichukua?" Kelele hizo zitamleta mwalimu mkuu dirishani, na kwenye daftari lako la maandalio hakutakuwa na hata tawi moja la kumwonyesha.

Fonolojia ruka, haina alama nyingi.

Isimu jamii usiiruke, kwenye mtihani wa KCSE ina alama 10. Wakaririshe sifa za sajili ya biashara: kupiga chuku, kuchanganya ndimi, lugha ya ushawishi. Wakiuliza kama wanaweza kwenda kuwasikiliza akina mama wanaouza nyanya nje ya lango, wakumbushe kwamba nyanya haziko kwenye silabasi, kisha ufunge madirisha.