Spika 12, Sauti Moja

Kuna jamaa wa Mbagala anataka prosesa ya sauti ya kifahari. Sabufa ya Kariakoo, ile yenye redio, flashi na taa za disko, hataki hata kuisikia. Yeye ni Trinnov ya Ufaransa na Dolby Atmos, mfumo ulioingia kumbi za sinema mwaka 2012. Mpangilio wake ni 7.1.4: spika saba za kumzunguka, sabufa moja, na nne darini ili helikopta impitie utosini. Dari lenyewe bado. Kwa sasa ni bati tupu, na masika humpa vishindo hivyo bure.

Prosesa hupima chumba kwa maikrofoni. Sijui itapima nini Jumamosi, kigodoro kikipanga maspika nyuma ya ukuta wake. Na filamu zake, tusidanganyane, ni za kutafsiriwa, kazi iliyompa jina marehemu Lufufu: mtu mmoja ndiye shujaa, adui, bibi harusi na mlipuko. Spika zote 12 zitatoa sauti yake tu.

Kaka, piga dari kwanza, ongeza LUKU, chenji ikibaki nenda Kariakoo.