Namna ya Kurudi Kwenye Sinia: Mwongozo kwa Aliyezidiwa na Ulaji Bora

Dalili ya kwanza ni kopo. Mtu amealikwa harusini Pasiansi, pilau limepakuliwa, nyama ya mbuzi inanukia mpaka barabarani, naye anafungua mkoba na kutoa kopo la plastiki lenye tango, parachichi na mbegu za chia alizozipima kwa kijiko. Mguse kidogo tu, atakusomea sumu zilizomo katika kila sufuria ya ukumbi ule. Alianza kwa kuacha soda, na hapo alifanya jambo la maana. Ikafuata sukari, kisha sembe, wali, viazi, maziwa, mwishowe hata ndizi mbivu kwa kuwa ni tamu. Sasa amebakiwa na vyakula vya kuhesabu kwa vidole, kizunguzungu, na hasira kwa kila anayekula chapati. Kama umejiona hapo, kaa chini tusemezane. Dawa zote za mwongozo huu zinapatikana Mwanza.

Wala hukuanza wewe. Mwaka 1997 daktari Mmarekani Steven Bratman aliupa uraibu huu jina la othoreksia, akieleza kwamba yeye mwenyewe ulimpata. Alipokuwa mpishi na mkulima katika jumuiya moja ya jimbo la New York, hakula mboga iliyokaa zaidi ya dakika 15 tangu kuchumwa, na kila tonge alilitafuna si chini ya mara 50. Hebu mtafune dagaa mara 50 tuone utabaki na nini mdomoni! Kitabu cha Wamarekani cha kuainisha magonjwa ya akili, DSM-5 cha mwaka 2013, hakikuiorodhesha othoreksia kama ugonjwa wa kujitegemea. Mgonjwa anateseka vilevile.

Anza na simu. Futa programu ya kuhesabu kalori, kisha jitoe kwenye lile kundi la WhatsApp linalokutumia picha ya ini lililoharibika kila alfajiri. Usiage.

Baada ya hapo nenda soko la Mwaloni, Kirumba, asubuhi, na usiwe na haraka. Nakupeleka kule uone watu wanaokijua chakula na hawakiogopi. Simama karibu na mama anayenunua dagaa wakavu. Anachota kiganja kimoja, anawainua kwenye mwanga, anavunja mmoja, ananusa. Kisha anawasugua taratibu na kuangalia kilichobaki mkononi, maana walioanikwa mchangani huja na mchanga wao, na waliokaushwa juu ya chanja huwa safi zaidi. Ukaguzi umekwisha kabla hujamaliza kupiga chafya, na mabishano ya bei yameanza. Nyumbani atawaosha kwa maji ya moto, atawakaanga na kitunguu na nyanya, na watoto watawala wazima wazima, mfupa na nyama, ndiyo maana dagaa ana kalsiamu nyingi. Huo ndio uangalifu wenye afya: una mwanzo, una mwisho, kisha watu wanakula. Wako wewe hauna mwisho. Unakagua sokoni, unakagua jikoni, na saa nane za usiku uko macho unalisikiliza tumbo lako kama mlinzi wa zamu.

Ukitoka hapo, mtafute bibi yeyote wa Ukerewe au Sengerema akueleze udaga, yaani muhogo uliovundikwa na kukaushwa. Muhogo mchungu una sumu ya kweli, sayanidi, inayoweza kuua. Wazee wetu waliumenya, wakauvundika siku kadhaa, wakaukausha juani, ndipo wakausaga. Sumu ikapungua sana, ugali ukasongwa. Sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, nayo si hadithi. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Kinga yake ni kuyakausha mahindi vizuri, kuyahifadhi pakavu na kuyatenga yenye ukungu. Kuususia ugali wa shemeji yako kwa miaka mitatu hakumo katika kinga hiyo.

Sasa umefika kwenye mtihani wenyewe. Ingia kwa mama lishe saa saba mchana, keti kwenye benchi katikati ya bodaboda wawili, useme, "Mama, naomba ugali samaki." Atakuuliza, "Sato wa kukaanga au wa mchuzi, mwanangu?" Jibu hilo hilo uliloulizwa. Mambo ya mafuta gani, ya lini, ya mbegu ipi, yaache nje pamoja na pikipiki. Nawa, mega, chovya, kula. Ukishindwa kumaliza, umekula nusu, na nusu ni ushindi mkubwa kwa aliyekuwa anakula kopo. Bratman naye alisaidiwa na mtu wa kula naye: mtawa wa Kibenediktini, David Steindl-Rast, aliyekula naye chakula cha Kichina, kisha akasisitiza wamalizie na aiskrimu.

Usije ukaruka kutoka kwenye kopo ukaangukia chipsi mayai za kila usiku. Dona libaki, mlenda na mboga kavu ya nsansa vibaki, viazi vikavu vya michembe na matobolwa virudi kando ya kikombe cha chai, na soda uliyoiacha iache hukohuko. Mwenye kisukari au shinikizo la damu afuate mpangilio wa daktari wake. Huyo ana sababu, na mwongozo huu haumhusu.

Kama uzito unashuka, hedhi imekatika, au hofu inakupata hata kabla sahani haijafika, usingoje hatua zangu zikufae. Nenda hospitali, Bugando kuna madaktari wa afya ya akili. Waambie unakula nini na unaogopa nini, bila kuficha. Nanyi mnaoishi na mgonjwa huyu, msimcheke mbele ya wageni wala msimlazimishe tonge. Mpakulieni kidogo, mwekeni karibu nanyi, mzungumze habari nyingine.