Kidole Gumba na Fundi Bomba

Meseji ya kumsema kijana haitumwi kwenye grupu alimo kijana. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya kudhibiti simu nyumbani, na mara ya mwisho kuvunjwa ni Jumapili iliyopita, saa tatu na dakika kumi usiku, Kihonda, Morogoro. Aliyeivunja ni baba. Simu ya kijana wa miaka 16 ilikuwa mezani, mwenyewe yuko bafuni. Baba aliichungulia, akaona mtu aliyehifadhiwa kwa jina la "Fundi Bomba" ameandika, akamwandikia mkewe kwa hasira: "Fundi bomba gani anauliza umekula mpenzi?" Mke naye alikuwa ametoka tu kuandika kwenye grupu la ukoo wao, likapanda juu ya orodha kwenye simu ya baba. Meseji ikaenda huko, kwa watu 34, ambako baba ni mkwe na mchangaji wa harusi, basi.

Hapa tiki za WhatsApp zinahitaji maelezo. Kwa watu wawili, tiki moja maana yake meseji imetoka; mbili, imefika; mbili za bluu, zilizoanza Novemba 2014, imesomwa. Kwenye grupu mambo ni mengine. Tiki ya pili haitokei mpaka meseji imfikie mwanachama wa mwisho kabisa, na bluu haiji mpaka wa mwisho asome. Grupu zima linamsubiri mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa mama mkwe, aliyeko Mgeta. Mawimbi ya simu husafiri karibu yamenyooka, wala hayapindi mlima kirahisi. Minara ya kileleni Bondwa, inayoonekana vizuri kutoka mjini, haimfai aliye bondeni upande wa pili wa milima ya Uluguru. Mama mkwe akitaka mtandao hupanda hadi kwenye kichuguu, juu ya shamba la kabichi, na usiku hapandi mtu.

Kwa hiyo tiki ilibaki moja. Baba aliitazama, akaamini hakuna aliyesoma, akala ugali wake kwa amani. Watu 31 walikuwa wameshasoma. Kicheko cha kwanza kilitokea chumba cha watoto. Kumbe ukiibonyeza meseji kwa muda unaweza kufungua orodha ya waliosoma, jina kwa jina, dakika kwa dakika. Baba alioneshwa orodha hiyo na kijana mwenyewe, kwa upole, kama mgonjwa anayesomewa majibu ya vipimo.

Ikabaki kufuta. Kufuta kwa wote kuliletwa mwaka 2017, kwa dakika saba tu. Tangu 2022 muda umefika zaidi ya siku mbili. Lakini kando yake kuna kufuta kwangu tu, ambako humwondolea mtumaji ushahidi na kuwaachia wengine wote. Baba alibonyeza hiki cha pili. Tangu Desemba 2022 aliyekosea hivyo hupewa sekunde tano za kutengua. Sekunde tano hizo ziliishia kwenye kutafuta miwani. Tangu 2016 meseji hizi hufungwa kwa namna ambayo hata kampuni yenyewe haiwezi kuzisoma. Kufuli hilo halizuii shemeji.

Njia nyingine za kudhibiti simu ni fupi. Kunyima bando: jirani ana Wi-Fi. Kuficha simu: iliita kabatini katikati ya sala.

Umri wa chini wa kutumia WhatsApp ni miaka 13, na mlinzi wa mpaka huo ni mtoto mwenyewe, kwa kubonyeza kwamba amekubali masharti. Laini ina habari yake. Zile ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa Januari 20, 2020. Usajili huo hudai kitambulisho cha taifa, cha NIDA, na hicho hutolewa kuanzia miaka 18. Kwa hiyo laini ya kijana imesimama kwenye kidole cha baba. Likitumwa tusi, anayegongewa mlango ni mwenye kidole. Shule nayo inapiga marufuku simu, halafu inatuma mazoezi ya likizo WhatsApp saa nne usiku, na mzazi aliyezima simu ndiye anayeitwa kuelezwa umuhimu wa elimu. Wajibu wote ni wa baba. Nywila ni ya mtoto.

Tukirudi kwenye grupu: kwa Waluguru, kama ukoo huu wa mke, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ana kauli. Mjomba aliitoa palepale kwenye grupu, akiwa ameinukuu meseji yote juu yake ili asiyeiona aione: "Shemeji, mwache mtoto ale."

Jumatano asubuhi mama mkwe alipanda kichuguu. Akapiga simu.

"Mkwe wangu, poleni. Hilo bomba lenu limetengemaa?"