Ajira za Vitthal: Uainishaji Mpya wa Washairi Watakatifu wa Kimarathi

Wataalamu wamezoea kuugawa ushairi wa ibada ya Kihindu katika Kimarathi kwa karne, kwa bahari au kwa madhehebu. Njia zote tatu ni halali, na zote zinachosha. Tunapendekeza ya nne: kumpanga kila mshairi kwa kazi ambayo, kwa mujibu wa simulizi, Mungu alimfanyia.

Msingi wa nadharia uko Pandharpur, ukingoni mwa mto Bhima. Mungu huyo, Vitthal, alimtembelea mcha wake Pundalik, akamkuta anawahudumia wazazi wake. Pundalik hakuinuka, alimtupia mgeni tofali asimame juu yake, angoje. Sanamu ya hekaluni bado imesimama juu ya tofali, mikono kiunoni. Mungu aliyekubali kungojeshwa hivyo atakataaje kutumwa?

Kundi la Kwanza, Wasiotuma, ni dogo na la mapema. Dnyaneshwar alikamilisha Dnyaneshwari mwaka 1290, kwa jadi akiwa hajafika miaka ishirini: ufafanuzi wa Bhagavad Gita wenye beti zipatazo 9,000. Miaka sita baadaye alijifungia kaburini Alandi, akiwa hai. Katika simulizi zake wenye kuhangaika ni wengine: nyati anakariri Veda, ukuta unatembea. Mungu amepumzishwa.

Kundi la Pili, Wenye Kusaidiwa Kazi za Mikono, ndilo nono. Namdev alitoka ukoo wa washona nguo. Simulizi zinamzungushia Gora mfinyanzi, Savata mtunza bustani, Narahari sonara na Sena kinyozi. Walitunga abhanga, nyimbo ambazo mtunzi hutaja jina lake mwishoni, desturi isiyo ngeni kwa msomaji wa tenzi. Ajira zilifurika. Janabai, mtumishi nyumbani kwa Namdev, alisagiwa nafaka na Vitthal mwenyewe. Sena alizama katika ibada akasahau kwenda kwa mfalme. Vitthal akashika wembe akaenda kunyoa badala yake. Kuhusu makali ya wembe huo, ushahidi ni haba.

Katika kundi hilo hilo mpango wetu unajikwaa kwa Chokhamela, wa tabaka la Mahar, lililohesabiwa najisi, aliyezuiwa kuingia hekaluni. Nyimbo zake zinahoji wazi huo unajisi umetoka wapi, ikiwa miili yote imeumbwa namna moja. Simulizi inasema Vitthal alitoka nje kumfuata. Chokhamela alikufa mwaka 1338, akiangukiwa na ukuta aliopelekwa kuujenga Mangalvedha, akazikwa chini ya ngazi za hekalu la Pandharpur. Watu wa tabaka lake waliruhusiwa kuingia mwaka 1947, baada ya mwanaharakati Sane Guruji kufunga kula. Mungu alitoka mara moja. Makuhani walihitaji miaka zaidi ya 600.

Kundi la Tatu lina mtu mmoja, Eknath wa Paithan, aliyekufa mwaka 1599. Vitthal alijibadilisha akawa mtumishi wake, akamchotea maji miaka kumi na miwili. Si anasa. Eknath alisahihisha nakala za Dnyaneshwari zilizoharibiwa na wanakili, na mhariri hana muda wa kwenda mtoni. Brahmani huyo pia alitunga nyimbo kwa sauti ya Mahar, jambo linalomtukuza kuliko yale maji.

Tukaram wa Dehu, mwenye duka lililofilisika wakati wa njaa ya mwaka 1630, anaanzisha Idara ya Nyaraka. Mabrahmani walikasirika kwamba mtu wa tabaka la chini anatunga. Madaftari yake yakazamishwa katika mto Indrayani. Siku ya kumi na tatu yalielea, makavu. Hakuna mkutubi aliyewahi kufikia kiwango hicho. Ramdas, wa zama hizo hizo, anageuza utaratibu mzima: katika kitabu chake Dasbodh kazi wanapewa binadamu, hadi namna ya kuandaa wino na kuandika herufi safi.

Sehemu kubwa ya data yetu inamtegemea Mahipati, aliyemaliza Bhaktavijaya, mkusanyiko wa simulizi za watakatifu, mwaka 1762, yaani karne nyingi baada ya wengi wa wahusika. Mahipati alikuwa karani wa kijiji cha Taharabad. Siku moja aliitwa kazini katikati ya ibada. Akaenda, akamaliza, kisha akaapa kwamba kalamu yake haitaandika tena hesabu, ila habari za watakatifu tu. Ajabu ni kwamba mtu aliyejua kuliko wote jinsi Vitthal alivyoshika zamu za watu aliziendea hesabu zile mwenyewe.