Sisi Wakongwe wa Karen

Sisi wakongwe wa Karen, hapa Nairobi, tunaonewa. Ua wa michongoma ukingʼolewa tu, hapo hapo panaota bango la nyumba kumi na mbili ndani ya lango moja, mahali palipowatosha farasi wawili na mbwa wanne. Wageni hawa wanachimba visima, wanajaza magari Barabara ya Langʼata, kana kwamba sisi tulikuwa tukipita kwa mabawa. Tangu jengo la maduka la The Hub lifunguliwe mwaka 2016, hata maziwa tunayapangia foleni na watu tusiojua babu zao ni akina nani.

Tunataka mtaa ubaki ulivyokuwa. Ulivyokuwa lini, hilo lisiulizwe sana. Hapa palikuwa shamba la kahawa la Karen Blixen, mwandishi kutoka Denmark, penye mwinuko mkubwa mno kwa zao hilo. Mwaka 1931 madeni yalimrudisha Denmark, na mnunuzi, Remi Martin, akalikatakata shamba viwanja akauza. Naam, mkata viwanja! Ndiye mwasisi wetu, wala hatujamwekea pingamizi. Wakikuyu waliokuwa wakilima humo walihamishiwa Dagoretti. Nao, kwa bahati nzuri, hawakuwa na chama cha wakazi.

Ukame ukizidi, Wamaasai huswaga ngʼombe wao hadi kando ya kuta zetu, wakale nyasi. Tunawapigia honi: hawa nao wametoka wapi? Askari wa langoni huwafukuza, kisha jioni hurudi zake Kuwinda, mtaa wa mabati ulio humu humu Karen. Kuhusu huo hatujawahi kulalamika. Bustani atalima nani?